Bata Mmoja na Watoto Elfu Kumi na Nane

Saa sita na dakika tano mchana, kabla kengele haijalia, wazee walikuwa wameshajipanga kwenye uzio wa Shule Kuu ya Huailing kama njiwa kwenye waya. Bibi huyu na bakuli lake la mfuniko, mama yule na chupa ya supu, kila mmoja na kigoda chake. Mzee Pang Degui alikuwa na nafasi yake, nguzo ya kumi na tisa kutoka geti la mashariki. Alikuwa ameifunga kitambaa chekundu mwaka jana ili mjukuu wake asipotee, maana shule ile ilikuwa na watoto elfu kumi na nane, wote wamevaa suti ya michezo ya buluu na nyeupe, wote wamekatwa nywele usawa wa masikio. Mwezi wa kwanza aliwahi kumlisha mtoto wa watu maandazi manne kabla ya kugundua. Mtoto mwenyewe hakusema kitu. Ana dakika ishirini za kula, angesema saa ngapi?

Mzee Pang alikuwa mfuga mabata bukini, kazi ya baba yake na ya babu yake, kijiji cha Heba, mwendo wa saa tatu kwa basi mpaka mjini. Mabata kwa sasa yalilindwa na shemeji yake. Yeye alihamia Huailing kuja kumpikia mjukuu, kwa sababu mwanawe na mkwewe walikuwa kiwandani huko kusini wakishona viatu, na Huailing mtoto asiye na mtu wa kumpikia huonekana kama yatima. Mji mzima umekuja kupika. Hakuna duka la nguo la maana wala pa kucheza karata. Kuna vyumba vya kupanga, kuna sufuria, kuna shule. Ukichukua shule ukaihamisha, kitakachobaki ni mbwa wawili na kituo cha basi.

Na mzee mwenyewe ndiye aliyeitaka shule hiyo. Shuyao, mjukuu wake, alipofaulu kuingia, Mzee Pang alichinja mabata sita, akaalika kijiji, akasimama juu ya benchi akasema mjukuu wake anaenda kusoma kwenye shule ambayo jiko lake lina ghorofa tatu. Watu walipiga makofi. Ghorofa tatu za jiko, si mchezo.

Sasa ilikuwa mwaka na nusu umepita, na mtoto alikuwa amenyamaza. Si kwamba alikuwa mgonjwa. Alikula, alilala, aliamka, ila maneno yalikuwa yakimtoka moja moja kama maji ya bomba mwezi wa kiangazi. Mzee alimweleza hayo Bi Qiu, mwenye nyumba, mama mmoja mnene mwenye vyumba kumi na vinne alivyovigawa kwa mbao. Bi Qiu hakuona shida. Alisema mtoto kunyamaza ni dalili ya kusoma. Alisema shule kubwa ina mwalimu wa kila kitu, wa fizikia peke yake wapo arobaini na mmoja, mmoja akiumwa tumbo wapo arobaini. Samaki anayetaka kunenepa, alisema, haendi kuishi kwenye karai. Mzee alitikisa kichwa kukubali. Moyoni alijiuliza samaki wangapi huonekana baharini, lakini hakusema, kwa kuwa kodi ilikuwa karibu.

Jumapili mchana ndiyo saa tatu pekee za mapumziko. Shuyao alikuja chumbani, akafua soksi, akakaa kitandani, akatoa karatasi mfukoni akaiweka juu ya meza, kando ya figili za siki. Ilikuwa fomu ya kuhama. Shule ya tarafa, ile ya kule nyumbani karibu na daraja, ilikuwa inapokea wanaorudi mpaka Ijumaa. Ilitakiwa saini ya mwalimu wa darasa na muhuri wa mlezi. Mlezi alikuwa yeye, babu.

Mzee aliitazama fomu kama mtu anayetazama nyoka aliyelala.

"Ile shule ina paa linalovuja," alisema.

"Najua."

"Mwalimu wa fizikia ndiye huyo huyo wa kemia, ndiye huyo huyo wa kuruka kamba."

"Najua, babu."

"Sasa unaiendea nini?"

Shuyao akafikiri. "Juzi niliumwa kichwa, nikalala bwenini mchana wote. Vipindi vinne. Jioni nikarudi darasani. Hakuna aliyeuliza. Na kwenye simu yako ulikuja ujumbe gani?"

Mzee alikumbuka. Ujumbe ulikuja, Bi Qiu akamsomea: mwanafunzi wako amehudhuria vipindi vyote, hongera kwa ushirikiano.

"Ningekufa," Shuyao alisema, "ningeendelea kuhudhuria."

Hilo neno lilimchoma mzee. Lakini aliiona pia ile benchi aliyosimama juu yake, aliyaona mabata sita, alimwona jirani yake Kuang wa Heba, mtu wa midomo, akimsubiri kituo cha basi na swali lake: kulikoni, Degui, lile jiko la ghorofa tatu limeungua? Na mwanawe kule kusini naye angesema nini, aliyekuwa anashona viatu usiku na mchana kwa ajili ya jina la shule hii? Basi mzee akafanya kama wafanyavyo wazee waliobanwa, akaweka dau.

"Nitakwenda kwa mwalimu wako," alisema. "Nitamuuliza habari zako. Akiniambia jambo moja tu juu yako, moja tu, la kweli, la kuonyesha kwamba anakujua, utabaki. Akishindwa, napiga muhuri."

"Namba yangu ya mtihani haihesabiki."

"Haihesabiki."

Wakapeana mikono. Mtoto aliikunja fomu akarudi nayo shule, ametabasamu kidogo, kwa sababu alijua ameshinda. Na mzee alibaki hajatabasamu, kwa sababu na yeye alijua hivyo hivyo.

Hapo ndipo akili ya Heba ilipomwingia. Kwao mtoto akipelekwa kwa fundi au kwa mwalimu, hupelekwa na bata bukini mweupe aliyefungwa utepe mwekundu shingoni. Ni desturi. Bata huyo si hongo, bata ni utambulisho. Mzee mwenyewe alisoma miaka minne tu, lakini baba yake alimpelekea mwalimu bata wa kilo tano, na mwalimu alimjua Degui vizuri sana tangu siku ile, akamchapa kila asubuhi kwa jina lake kamili. Shuyao alipelekwa Huailing na nini? Na karatasi. Ndiyo maana hajulikani. Kosa ni la babu. Jumatatu akampigia shemeji, jioni bata akafika na basi ndani ya kikapu, dume, jeupe, lenye shingo ndefu kama mkono wa sheria.

Jumanne asubuhi mzee alifika geti la mashariki na bata kwapani. Mlinzi alikuwa na daftari la wageni. Alimuuliza jina, simu, darasa la mtoto, sababu ya kuja, halafu akamtazama bata, akalitazama daftari, akasema bata hana safu yake.

"Ni wa mwalimu," mzee alisema.

"Walimu hawapokei zawadi. Kuna kamera." Mlinzi alionyesha juu. Kamera zilikuwa nne kwenye nguzo moja, kama matunda.

"Basi mwache hapa kwako. Nitamwambia mwalimu aje amwone tu. Kumwona siyo kumpokea."

Mlinzi aliona neno hilo lina sheria ndani yake. Wakamfunga bata kwa kamba ya kiatu kwenye mguu wa meza ya kibanda.

Ofisi ya walimu ilikuwa ghorofa ya nne, na ilikuwa kubwa kama ghala la mpunga. Mwalimu Geng, mwalimu wa darasa la hamsini na tatu mwaka wa pili, alikuwa kijana wa miaka thelathini na tatu mwenye mvi za miaka sitini. Mbele yake palikuwa na rundo la karatasi linalofika kidevuni. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa mzee kiti, akamtafutia maji ya moto, akasema ana dakika sita.

Mzee alisema amekuja kumuuliza habari za mjukuu wake, Pang Shuyao.

Mwalimu akachukua simu, kidole kikateremka, kikateremka. "Pang Shuyao. Nafasi ya elfu mbili mia tisa na kumi na nne kati ya elfu sita. Amepanda nafasi kumi na mbili. Fizikia inamvuta chini."

"Namba naijua. Mimi nauliza yeye. Ni mtoto wa namna gani?"

"Ni mtoto mwenye bidii."

"Wote wana bidii."

"Ni kweli," mwalimu alikubali, kwa huzuni kidogo. Akajikuna. "Mzee, darasa hili nina themanini na wawili, na lile lingine themanini. Wanabadilishwa viti kila wiki mbili kwa namba zao. Nikishawazoea, wamehama."

"Jambo moja tu, mwalimu. Lolote. Nimeweka dau."

Mwalimu Geng alifunga macho, akajitahidi, na usoni palionekana kwamba anajitahidi kweli. Halafu akafumbua.

"Anavaa miwani," alisema.

Shuyao hajawahi kuvaa miwani maisha yake yote. Macho yake huona kifaranga kwenye nyasi ng'ambo ya mto. Lakini ukisimama mbele ya darasa la shule ile ukatupa jiwe, litavunja miwani tu, kwa hiyo mwalimu alikuwa ametupa jiwe. Mzee alijisikia kumhurumia. Alitaka kusema kuna bata huko chini, twende ukamwone, pengine itasaidia. Kabla hajasema kengele ililia na ofisi nzima ikasogea dirishani, kwa sababu ilikuwa saa ya mbio.

Mbio za Huailing ni jambo la kutazamwa. Watoto elfu sita wa mwaka mmoja hushuka uwanjani, hujipanga kwa madarasa, miraba sabini na mitano, bega kwa bega, kisigino cha huyu kwenye kidole cha yule, na hukimbia hivyo hivyo bila kuachana, wakipiga kelele za kaulimbiu. Siku ile ilikuwa: "Jasho la leo, jina la kesho!" Ukitoka mstarini darasa zima hukatwa alama tano. Naibu mkuu husimama jukwaani na kipaza sauti, akihesabu miguu. Wageni huja kutoka mikoa mingine kuipiga picha. Husema ni kama mashine. Husema hivyo kwa kusifu.

Kamba ya kiatu si kitu kwa bata dume la Heba. Liliikata, likapita mbele ya mlinzi, likasikia kelele za uwanjani, na bila shaka likadhani ni wenzake. Liliingia uwanjani mbawa zimefunguliwa, utepe mwekundu ukipepea, likachagua mraba wa kwanza na kuuma suruali ya mtoto wa pembeni.

Mtoto wa pembeni hakutoka mstarini. Aliogopa zile alama tano. Aliendelea kukimbia na bata linaning'inia nyuma yake, akipiga kelele za jasho la leo, jina la kesho, ila sauti imepanda juu. Bata likamwacha, likahamia mraba wa pili. Huko nako hakuna aliyetoka. Watoto elfu sita walikimbia macho mbele, na bata likatembea katikati ya elimu yao likiuma litakacho, kama mkaguzi. Naibu mkuu alipaza sauti kwamba ndege huyo aondoke mara moja. Bata halikuwa mwanafunzi, halikutii.

Ndipo mtoto mmoja akatoka. Alitoka mrabani kama mtu anayetoka nyumbani kwake, hakukimbia, alizunguka kwa nyuma, akainama, mkono mmoja kwenye mizizi ya mbawa, wa pili shingoni, akaligeuza kichwa liangalie nyuma chini ya kwapa. Bata likatulia kama mto. Ni wangapi duniani wanaojua kushika bata dume hivyo? Bibi yake marehemu ndiye aliyemfundisha, akiwa na miaka mitano.

Mbio zilisimama. Halafu watoto elfu sita wakacheka, na hicho kicheko mzee aliapa baadaye kwamba kilitikisa kioo cha dirisha.

"Mwanafunzi mwenye bata!" kipaza sauti kikafoka. "Jina na darasa!"

Mtoto akajibu, na mawimbi ya kicheko yakapungua ili watu wasikie. Pang Shuyao. Mwaka wa pili, darasa la hamsini na tatu.

Mwalimu Geng aliegemea kioo. "Huyo ni wangu?" akauliza.

"Huyo ni wetu," mzee alisema. "Na hana miwani."

Adhabu ilikuwa barua ya kujuta yenye maneno elfu moja, na alama tano kwa darasa. Bata alirudishwa kwa mzee pamoja na onyo la maandishi. Siku ya pili yake kwenye ubao wa matangazo, chini ya marufuku ya simu, riwaya na mapenzi, iliongezwa marufuku ya ndege wafugwao.

Jumatano saa sita Shuyao alifika nguzo ya kumi na tisa, akapokea bakuli lake kupitia uzio, akala wali na maharage machanga bila kusema. Mzee alikuwa amejiandaa usiku kucha kutetea ushindi. Angeweza kusema mwalimu sasa anakujua, dau nimelipata. Kweli Mwalimu Geng alikuwa ameshasema mbele ya darasa, wewe wa bata, simama. Lakini alipomtazama mtoto, yale maneno yalimkataa mdomoni.

"Nimeshindwa," alisema. "Kabla ya bata nilimuuliza. Alisema unavaa miwani."

Shuyao aliacha kutafuna. Halafu akacheka, mpaka wali ukampitia puani. Mzee alikuwa hajausikia ule mcheko tangu majira ya baridi.

"Na sasa hivi anamjua bata," mzee aliendelea. "Wewe bado hakujui. Kesho naleta muhuri. Kuang na aseme anachotaka, na baba yako nitamwambia mimi."

Mtoto alifuta pua, akatoa fomu mfukoni. Ilikuwa imeshasainiwa. Alikuwa ameichomeka katikati ya rundo la barua za kujuta, na mwalimu akasaini zote thelathini bila kuinua kichwa. Shule iliyojisifu kwamba haipotezi mtoto hata mmoja ilikuwa imempoteza huyu kwa wino wake yenyewe, kati ya mwizi wa chaki na mchelewaji.

Kwa hiyo kilibaki kitu kimoja, muhuri wa babu. Alhamisi aliuleta, wa jiwe jekundu, ameufunga kwenye leso. Alikaa kwenye kigoda akausubiri uamuzi wake mwenyewe umalize kumuuma. Kengele ililia. Ile bahari ya buluu na nyeupe ikamwagika, na ndani yake akasikia sauti za ajabu: kwak, kwak, huku na huku, wavulana kwa wasichana. Walikuwa wanamlilia mjukuu wake kama bata. Mzee alisimama, damu imempanda. Shuyao alitokea, na pembeni yake wasichana wawili, mmoja mrefu na mwingine mwenye miwani minene kama sahani.

"Babu, huyu ni Xia Ningzhu. Amekaa kiti cha nyuma yangu mihula mitatu, kila tukihamishwa namba zetu hufuatana. Nyumbani kwao ni Heba ya Juu."

Heba ya Juu. Ng'ambo ya mto tu. Mzee aliuliza ni wa nani, na yule wa miwani akasema ni mjukuu wa Bi Cen mfuga mabata, yule mwenye jicho moja. Mzee alimjua Bi Cen miaka hamsini, waliwahi kugombania dume la bata. Watoto wawili wa mto mmoja walikuwa wamekaa mihula mitatu, kisogo na pua, na ilibidi bata aje kuwatambulisha.

Mzee akautoa muhuri. Shuyao akautazama.

"Ngoja kwanza, babu."

"Ngoja nini? Kesho Ijumaa. Nimewasikia wanavyokucheka."

"Wananicheka," alisema. "Ila wananicheka mimi. Mwaka na nusu nilikuwa sichekwi." Alikunja fomu mara mbili, akaiweka chini ya bakuli la supu lililokuwa linamuunguza vidole. "Paa la kule bado linavuja, siyo? Nitakaa mpaka mitihani ya kiangazi. Ikirudi kuwa kama zamani, nitakwambia, utalitoa hilo jiwe lako."

"Na ukinyamaza tena?"

"Nikinyamaza lete bata."

Mzee Pang alifunga muhuri kwenye leso. Hakujua kama amefurahi au amenyang'anywa. Alichojua ni kwamba chakula alicholeta kilikuwa cha mtu mmoja na mbele yake palikuwa na midomo mitatu.

Bata hakurudi Heba. Aliwekwa uani kwa Bi Qiu, na wiki haikwisha kabla akina mama hawajaanza kubisha hodi. Walikuwa wamesikia kuna bata aliyeingia Shule Kuu bila mtihani. Walikuja na utepe mwekundu, wakamfunga shingoni, wakamgusa mgongo, mmoja akamsomea namba ya mtoto wake mara tatu. Bi Qiu, aliyekuwa amesema bata anachafua ua, sasa alimwogesha, akapokea machungwa na mayai kwa niaba yake. Mke wa Mwalimu Geng naye alionekana, amejifunga kitambaa usoni.

Mwisho wa mwezi ujumbe wa shule ulikuja. Mzee aliupeleka kwenye uzio na kuusoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya maneno, mbele ya wasichana watatu wenye vijiti mkononi. Pang Shuyao, nafasi ya elfu tatu mia moja na saba. Ameshuka. Maoni ya mwalimu wa darasa: ni mtoto mwenye bidii, anashauriwa akapimiwe upya miwani yake.

Wakatazamana. Halafu Ningzhu akavua miwani yake minene, akampachika Shuyao puani, akarudi nyuma hatua moja, akipapasa uzio kwa mkono kama kipofu.

"Haya," alisema. "Sasa mwalimu hajadanganya."

Shuyao alimgeukia babu yake akiwa na macho makubwa kama ya bundi, haoni kitu, akamwomba aongezewe wali.

"Niko huku," mzee alisema. "Hiyo ni nguzo."